Uji wa Guatemala: mtaji uliolipa baada ya miaka 35

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

WASOMAJI wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa mwenendo wa bei za mahindi, soya, karanga na ulezi. Wiki hii hatuziachi bidhaa hizo. Tunazifuata mpaka zinakoishia, yaani kwenye kikombe cha uji cha mtoto mdogo. Huko kuna uwekezaji ambao wachumi wameufuatilia kwa muda mrefu kuliko wengi wetu tulivyowahi kushika hisa au hati fungani, na matokeo yake yanamhusu kila anayeuza au kusaga nafaka.

Chanzo cha makala haya ni mazungumzo mafupi kwenye mashine moja ya kusaga hapa jijini. Mwandishi alikwenda kuulizia karanga. Mama mmoja wa makamo, anayetengeneza unga wa lishe na kuufunga kwenye mifuko ya kilo moja, alikuwa anasubiri zamu yake.

"Shikamoo mama. Karanga zinasemaje?"

"Marahaba mwanangu. Karanga zimetushinda."

Alipoulizwa kama sasa atapandisha bei ya mfuko, alicheka. "Nikipandisha, wateja wanahamia kwa jirani. Mimi napunguza karanga na soya, naongeza mahindi. Rangi ni ile ile, mfuko ni ule ule." Kisha akaongeza bila kuulizwa: "Hata mjukuu wangu nyumbani anakunywa huo huo."

Kibiashara, mama huyo hakukosea hesabu. Gharama imepanda, soko halikubali bei mpya, naye amelinda faida yake mahali ambapo mnunuzi haoni. Wafanyabiashara wengi wangefanya hivyo. Swali ni moja tu: hicho kilichopungua ndani ya mfuko kina thamani gani, na nani atakilipia?

Swali hilo lilijibiwa, kwa kiasi kikubwa, nchini Guatemala.

Vijiji vinne, vikombe viwili

Mwaka 1969 taasisi ya lishe ya nchi za Amerika ya Kati na Panama, inayojulikana kwa kifupi cha INCAP, ilichagua vijiji 4 vya wakulima wa mahindi na maharage mashariki mwa Guatemala. Taasisi hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1949, na makao yake yako katika jiji la Guatemala. Vijiji viwili vilikuwa na watu wapatao 900 kila kimoja, na viwili vilikuwa na watu wapatao 500. Udumavu ulikuwa jambo la kawaida kote: watoto wengi walikuwa wafupi kuliko umri wao kutokana na chakula duni na kuharisha kwa mara kwa mara.

Kwa kura, kijiji kimoja kikubwa na kimoja kidogo, Conacaste na San Juan, vilipewa uji wa moto uitwao atole. Uji huo ulipikwa kwa unga wa lishe uliobuniwa na INCAP, maziwa ya unga na sukari. Vijiji vya Santo Domingo na Espíritu Santo vilipewa kinywaji baridi chenye ladha ya matunda na sukari, kiitwacho fresco.

Kikombe kimoja cha mililita 180 za atole kilikuwa na kilokalori 163 na gramu 11.5 za protini. Kikombe cha fresco kilikuwa na kilokalori 59 na hakikuwa na protini hata kidogo. Kuanzia mwaka 1971 vinywaji vyote viwili viliongezwa vitamini na madini kwa kiwango sawa, ili tofauti ibaki kwenye nguvu na protini.

Kila kijiji kilijengewa kituo. Kinywaji kilitolewa mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, bila malipo, kwa mtu yeyote aliyetaka kunywa. Kwa watoto, kina mama wajawazito na wanaonyonyesha, kila kilichonywewa kilipimwa na kuandikwa. Huduma ya tiba ya bure ilitolewa katika vijiji vyote vinne, ili kusiwe na kijiji kinachopata dawa na kingine kikikosa.

Zoezi hilo lilikwisha mwaka 1977, likiwa limefuatilia watoto 2,392 wa umri wa chini ya miaka 7. Matokeo ya kwanza yalionekana kwenye rula. Watoto wa vijiji vya atole walikua zaidi, na waliodumaa vibaya walipungua. Lakini faida hiyo ilipatikana kwa waliokunywa uji kabla ya kutimiza miaka 3. Walioanza baada ya hapo, rula haikuona tofauti ya maana.

Sababu yake si ya ajabu. Katika miaka 2 ya kwanza mtoto hukua kwa kasi ambayo hataipata tena maishani, na tumbo lake ni dogo. Anahitaji chakula kizito katika vijiko vichache. Huo pia ndio wakati anaotambaa, anaokota uchafu na kuugua. Akikosa chakula hapo, mwili wake unaokoa uhai na kuacha urefu.

Hesabu ilipofungwa

Kama utafiti ungeishia hapo, ungekuwa habari ya madaktari. Uligeuka kuwa habari ya biashara kwa sababu watafiti walirudi.

Walirudi mwaka 1988 na 1989, watoto wale wakiwa vijana wa miaka 11 hadi 27. Walirudi tena kati ya mwaka 2002 na 2004, wakiwa watu wazima wa miaka 25 hadi 42, wenye kazi na familia. Katikati Guatemala ilikuwa imepita kwenye tetemeko kubwa la ardhi la Februari 1976, na kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1960 na kumalizika mwaka 1996. Wengi walikuwa wamehama vijiji na kwenda mjini. Watafiti waliwafuata huko huko, na walipata taarifa za kiuchumi za watu 1,424, sawa na asilimia 60 ya wale 2,392.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2008 katika jarida la kitabibu la The Lancet na kundi lililoongozwa na mchumi John Hoddinott. Wanaume waliopata atole kutoka kuzaliwa hadi umri wa miaka 2 walikuwa wanalipwa wastani wa senti 67 za dola ya Marekani zaidi kwa kila saa ya kazi, kuliko wenzao wa fresco. Ukilinganisha na malipo ya wastani, hilo ni ongezeko la asilimia 46.

Msomaji na asome tena: asilimia 46 ya malipo ya saa, zaidi ya miaka 25 baada ya kikombe cha mwisho.

Kwa wanawake malipo hayakuonyesha tofauti. Wachumi walitazama kazi zenyewe. Wanawake wengi wa maeneo yale walikuwa kwenye shughuli ndogo ndogo zenye kipato cha chini, ambako nguvu na akili ya ziada hailipwi. Hata hivyo uji haukupotea bure. Wanawake waliokunywa atole utotoni walisoma wastani wa madarasa 1.2 zaidi ya wenzao. Katika mitihani ya kusoma na kufikiri, wanaume na wanawake wa vijiji vya atole waliwazidi wenzao. Na ilipofika zamu ya wanawake hao kuzaa, watoto wao walizaliwa na uzito mkubwa zaidi, kwa wastani wa gramu 116.

Yaani gawio la pili lilikwenda kwa kizazi ambacho hakikuonja uji ule.

Kasoro za vitabu

Mwekezaji makini hasomi ukurasa wa faida peke yake. Husoma pia maelezo ya mkaguzi. Utafiti huu nao una maelezo yake.

Kwanza, vijiji vilikuwa 4 tu. Kura ya vijiji 4 ni ndogo, na jambo lolote la pekee katika kijiji kimoja linaweza kuyumbisha hesabu. Pili, zile senti 67 ni makadirio. Watafiti wenyewe waliandika kwamba thamani halisi inaweza kuwa popote kati ya senti 16 na dola 1 na senti 17. Hiyo ni nafasi pana. Tatu, malipo ya saa yalipanda, lakini waliokunywa atole walielekea kufanya saa chache zaidi, na ongezeko la mapato ya mwaka mzima halikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika kitakwimu. Nne, asilimia 40 ya watoto wa awali hawamo katika hesabu hiyo ya malipo.

Kuna jambo la tano, lililojitokeza katika ufuatiliaji wa mwaka 2015 hadi 2017. Waliopata atole mapema walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata kisukari, lakini walikuwa na unene uliozidi kuliko wenzao. Chakula cha utotoni hakimlindi mtu na soda na mafuta ya ukubwani.

Pamoja na hayo yote, mwelekeo wa vipimo ni mmoja: urefu, masomo, mitihani, malipo ya wanaume, uzito wa wajukuu. Kampuni yenye vitabu vya namna hiyo isingekosa wanunuzi wa hisa.

Si chakula peke yake

Ili msomaji asidhani kwamba kila uji unalipa, tupeleke macho Jamaika. Mwaka 1986 na 1987, jijini Kingston, watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24, waligawanywa katika makundi. Wengine walipewa kilo moja ya maziwa ya unga kila wiki kwa miaka 2. Wengine walitembelewa nyumbani kila wiki kwa saa moja na mhudumu wa afya, aliyemfundisha mama kucheza na kuzungumza na mtoto kwa kutumia vitu rahisi vya kuchezea. Wengine walipata vyote viwili, na wengine hawakupata chochote kati ya hivyo.

Walipofika miaka 22, waliotembelewa walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wasiotembelewa. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2014. Maziwa peke yake hayakuacha alama kwenye kipato.

Karibu na kwetu kuna Busia, magharibi mwa Kenya. Kuanzia mwaka 1998 shule za msingi 75 ziliingizwa kwa awamu katika mpango wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo. Minyoo ni mshirika asiyealikwa: anakula mtaji kabla ya mwenye mali. Utoro ulipungua kwa robo katika shule zilizoanza mapema. Mwaka 2015 wataalamu wengine walirudia hesabu hizo, wakakuta makosa, na ukazuka ubishi mkali kuhusu ukubwa wa matokeo. Waliofanya utafiti wa awali hawakukaa kimya, waliendelea kuwafuatilia wanafunzi wale. Mwaka 2021 waliripoti kwamba miaka 20 baadaye, waliopata dawa kwa miaka zaidi walikuwa na mapato ya saa makubwa kwa asilimia 13.

Funzo la nchi hizo tatu ni kwamba mtoto ni kama duka: linahitaji bidhaa, muuzaji na mlango usioibiwa. Guatemala walileta chakula pamoja na tiba ya bure. Jamaika waliongeza muda wa mama. Busia walifunga mlango wa mwizi.

Kwa nini soko haliwekezi lenyewe

Mwaka 2017 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba kila dola moja inayowekwa katika lishe ya watoto hurudisha kati ya dola 4 na dola 35. Kama hesabu ni nzuri hivyo, kwa nini mabenki hayapangi foleni?

Sababu ya kwanza ni muda. Chukua shilingi 1,000,000 zitakazopatikana baada ya miaka 25. Kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, fedha hizo leo zina thamani ya shilingi 295,000 hivi. Kwa riba ya asilimia 10 zinabaki kama shilingi 92,000. Kwa asilimia 15, ambayo si ngeni kwa mkopaji mdogo wa Tanzania, hazizidi shilingi 31,000. Mtu anayekopa kwa riba ya dukani hawezi kusubiri miaka 25. Serikali na taasisi kubwa zinaweza.

Sababu ya pili ni kwamba anayelipa siye anayevuna. Mama ndiye anayenunua unga. Mvunaji ni mtoto, kisha mwajiri atakayempata kijana mwenye nguvu na akili, kisha serikali itakayomtoza kodi. Hakuna mkataba unaomrudishia mama fedha zake.

Sababu ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi hapa: mnunuzi haoni ubora. Karanga iliyopungua ndani ya unga haionekani kwa macho. Muuzaji mwaminifu na muuzaji aliyechakachua wanauza bei moja, na wa kwanza ndiye anayefilisika. Soko la namna hiyo, likiachwa peke yake, hushuka ubora mwaka hadi mwaka bila mtu yeyote kukusudia uovu.

Guatemala walipambana na tatizo hilo la tatu kwa njia ya kibiashara. Unga uliotumika kwenye atole unaitwa Incaparina. INCAP iliubuni katika miaka ya 1950 kutokana na mahindi na unga wa mbegu za pamba, ukiongezewa vitamini na madini. Taasisi haikuusaga yenyewe kwa ajili ya soko. Ilibaki na jina na kanuni ya mchanganyiko, ikatoa leseni kwa kampuni binafsi yenye uhusiano na kiwanda cha bia cha nchi hiyo, na ikashika usimamizi wa ubora. Kiwanda cha bia kilikuwa na mtandao wa usambazaji uliofika mpaka vijijini. Unga uliuzwa katika vifuko vidogo ambavyo mtu wa kipato cha chini aliweza kuvimudu. Katika nchi nyingine za eneo hilo haukushika soko kama Guatemala, lakini nyumbani kwao ukawa kinywaji cha kila siku.

Jina kwenye mfuko lilifanya kazi ambayo macho ya mnunuzi hayawezi. Lilisema: kilichomo ni kile kile cha wiki iliyopita.

Hesabu ya mfuko wetu

Tanzania si Guatemala, lakini rula ni ile ile. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya, udumavu kwa watoto wa chini ya miaka 5 ulikuwa asilimia 42 mwaka 2010, asilimia 34 mwaka 2015-16, na asilimia 30 mwaka 2022. Kushuka huko ni kazi kubwa. Hata hivyo, bado watoto 3 kati ya 10 wanaanza maisha na mtaji uliomegwa.

Sasa turudi kwenye mfuko wa kilo moja wa yule mama. Kwa makadirio ya kawaida, mahindi yana protini asilimia 9 hivi, karanga asilimia 25 na soya asilimia 36. Tuchukue mfano wa mchanganyiko wa gramu 700 za mahindi, gramu 200 za soya na gramu 100 za karanga. Protini yake ni gramu 63 kutoka kwenye mahindi, 72 kutoka kwenye soya na 25 kutoka kwenye karanga, jumla gramu 160.

Bei ikipanda, muuzaji anaweka gramu 900 za mahindi, 50 za soya na 50 za karanga. Hesabu sasa ni 81, 18 na 12.5, jumla gramu 111.5. Mfuko umepoteza karibu theluthi moja ya protini, pamoja na sehemu kubwa ya mafuta, na hakuna mteja aliyeona. Tena protini iliyobaki ni ya mahindi zaidi, ambayo ina upungufu wa baadhi ya viini ambavyo jamii ya kunde huvijaza.

Hapo pia ndipo wanapokosea wanaojaza mfuko nafaka 7 au 8 na kuuita wa lishe. Mahindi, mtama, uwele na ngano ni ndugu. Kuongeza ndugu wa nne hakugeuzi ukoo.

Kuna hatari nyingine ambayo hupanda pamoja na bei: sumukuvu. Karanga na mahindi yaliyooza au kukaushwa vibaya huota ukungu wenye sumu hiyo. Karanga zilizokunjamana na zenye ukungu huuzwa kwa bei ya kutupa, na mahali rahisi pa kuzificha ni ndani ya unga. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa ugonjwa uliotokana na sumukuvu, na watu walikufa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye mahindi katika Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo, na kupika uji hakuondoi sumu hiyo. Msagaji anayenunua karanga za kutupa anauza deni ambalo mtoto atalilipa.

Vijana: dirisha lililobaki wazi kidogo

Je, mtoto aliyepita miaka 3 amekwisha? Hapana. Watafiti wa mradi wa Young Lives wamefuatilia watoto wapatao 12,000 wa Ethiopia, India, Peru na Vietnam tangu mwaka 2002, na wameona kwamba wapo waliodumaa utotoni ambao baadaye walifidia sehemu ya urefu. Umri wa balehe ni kipindi kingine cha kukua kwa kasi.

Kwa wasichana hesabu ni nyeti zaidi. Wanaanza kupoteza damu kila mwezi wakati miili yao bado inajenga mifupa, hivyo mahitaji yao ya madini ya chuma hupanda. Akipata mimba kabla hajamaliza kukua, watu wawili wanagombania sahani moja. Nchini Tanzania, utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito, ikiwa imeshuka kutoka asilimia 27 ya mwaka 2015-16. Mama aliyedumaa huzaa mtoto mdogo, na mtoto huyo huanza na deni lile lile. Kule Guatemala kizazi cha pili kilipokea gawio. Bila uji, kinachorithiwa ni deni.

Na kwa mwajiri: vijana wa kiume wa Guatemala waliopimwa mwaka 1988, ambao walipata atole utotoni, walikuwa na pumzi na uwezo mkubwa zaidi wa kazi za nguvu. Mwenye kuajiri wabeba mizigo, mafundi au vibarua wa shamba ajue kwamba sehemu ya nguvu anayoilipia leo ilinunuliwa na mtu mwingine miaka 20 iliyopita.

Mfanyabiashara afanye nini

Ukurasa huu si wa mahubiri. Tunataja yale tu ambayo mtu anaweza kuyaingiza kwenye hesabu.

Msindikaji wa unga aandike uwiano wa mchanganyiko kwenye mfuko na aushike. Bei ikipanda, apunguze ukubwa wa mfuko na kusema wazi, kuliko kupunguza soya kimya kimya. Mfuko wa gramu 750 wenye mchanganyiko kamili una gramu 120 za protini, nyingi kuliko mfuko wa kilo moja uliochakachuliwa. Achambue karanga kabla ya kusaga na akatae zenye ukungu hata zikiwa za bure. Anayetaka kukua zaidi ya mtaa wake afuate njia ya SIDO mpaka alama ya ubora ya TBS, kwa sababu alama hiyo ndiyo inayomtofautisha na jirani anayeuza rangi.

Mwenye mashine ya kusaga aweke mashine kavu na safi, na asichanganye zamu ya chakula cha watu na ya mifugo.

Mwajiri, hata wa watu 5, akumbuke kwamba siku 1,000 za kwanza za mtoto zinaanzia kwenye mimba ya mfanyakazi wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na baada ya hapo muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku. Wengi huuona muda huo kama hasara. Ukiutazama kwa hesabu za Guatemala, ni mchango mdogo kwenye mtaji ambao biashara nyingine itaukuta siku moja.

Mwekezaji mdogo anayenunua hisa za kampuni za chakula aulize kwenye mkutano mkuu kampuni yake inapimaje ubora wa mali ghafi. Kashfa moja ya sumu kwenye chakula cha watoto hufuta faida ya miaka mingi.

Juma lililofuata mwandishi alirudi kwenye ile mashine na hesabu ya mifuko miwili kwenye karatasi. Yule mama aliisoma taratibu, akarudia kujumlisha mwenyewe, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, mteja akiuliza mbona mfuko umepungua?"

Alijibiwa kwamba amwambie ukweli: mfuko umepungua, unga haukupungua.

Alifikiri kidogo. "Nitatoa mifuko 20 hivyo, nione kama itatoka. Isipotoka narudi kwa ule ule, maana kodi ya chumba hainisubiri." Kisha akakunja karatasi na kuitia kwenye mkoba. "Ila wa nyumbani nitamsagia kamili."

Mifuko 20 ni jaribio dogo, lakini hata lile la Guatemala lilikuwa la vijiji 4. Ikitoka au isipotoka, tutawapa wasomaji matokeo yake katika ukurasa huu, pamoja na bei mpya za karanga.